Tuulize jina la rangi tunayokula

Lugha yetu ya Kiswahili imeziita rangi nyingi kwa majina ya vitu. Majani yametupa kijani, jivu limetupa kijivu, tunda la zambarau limetupa rangi yake, na ule mzizi wa manjano ambao mama zetu huusaga na kuutia mchuzini ndio uliotupa rangi ya manjano. Mtu wa zamani aliposema wali wa manjano, hakuna aliyehitaji kumwuliza umanjano huo umetoka wapi. Jina la rangi lilikuwa ndilo jina la kitu chenyewe.

Leo mambo yamegeuka. Tazama wali wa biriani katika sahani ya harusi, tazama viazi karai barabarani, juisi ya unga ya pakiti, barafu za vifukoni wanazonunua watoto wakitoka shule, pipi, achari, soda, na hata baadhi ya vidonge tunavyopewa hospitali. Vingi ni vya manjano, na mzizi haumo hata chembe. Kilichomo ni rangi iliyotengenezwa kiwandani, na mojawapo ya zile zinazotumika sana duniani ni ile iitwayo tatrazini. Juu ya pakiti huandikwa "Tartrazine", au E102, au INS 102, na bidhaa za Marekani huiita "Yellow 5". Majina ni mengi, rangi ni moja.

Juu ya rangi hii watu huniuliza mambo matatu. Kwanza, je, inadhuru? Pili, je, ni halali kwa mtu mwenye miiko ya dini yake, au kwa yule asiyekula kitu chochote cha mnyama? Tatu, je, nimpe mwanangu? Leo nitajaribu kuyajibu yote matatu, na mwisho nitaongeza swali la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko hayo.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa mjini London akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria tunayoijua sisi kwa uchungu wake. Hakupata kwinini. Alichopata katika chupa yake ni rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Tangu siku hiyo wataalamu wa kemia wakaingia mbio kutafuta rangi nyingine katika lami hiyo hiyo, na mwaka 1884 Mswisi aitwaye Johann Heinrich Ziegler akaigundua tatrazini. Siku hizi hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli.

Msikilizaji atashtuka: yaani tunakula petroli? La hasha. Kitu kikibadilishwa kwa kemia huwa kitu kingine, kama vile majivu yasivyokuwa tena kuni. Tatrazini haina petroli ndani yake, na wala haiwi salama au sumu kwa sababu ya mahali ilikoanzia. Ni lazima ipimwe yenyewe kama ilivyo.

Wala tusidhani kwamba kabla ya rangi za viwandani watu walikuwa wakila salama. Katika miaka ya 1850 daktari mmoja wa London, Arthur Hill Hassall, alizipima pipi za watoto akakuta zimetiwa rangi za risasi, shaba na hata arseniki. Umanjano wa pipi nyingine ulikuwa ni kromati ya risasi, rangi ya kupakia milango. Rangi zilizotokana na lami zilipofika zilionekana ni nafuu. Hata hivyo nazo zikawa nyingi bila mpango, hata Marekani ilipotunga sheria yake ya chakula mwaka 1906, kati ya rangi zipatazo 80 zilizokuwa sokoni ni 7 tu zilizokubaliwa. Tatrazini iliongezwa katika orodha mwaka 1916, na imekuwamo tangu hapo.

Wenye viwanda wanaipenda kwa sababu zinazoeleweka. Ni rahisi, kidogo chake hupaka kitu kingi, huyeyuka katika maji, wala haichujuki upesi kwa moto au mwanga. Manjano ya mzizi ukiyaweka juani hupauka. Tatrazini husimama. Lakini angalieni jambo hili: haiongezi ladha, haiongezi vitamini, haizuii chakula kuoza. Kazi yake yote ni kulifurahisha jicho. Kwa hiyo tunapopima hatari yake, hata iwe ndogo namna gani, katika sahani ya pili ya mizani hakuna faida ya kiafya ya kuiwekea.

Sasa, je, inadhuru? Kamati ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani iliipitia upya mwaka 2016 ikasema kwamba mtu anaweza kula hadi miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku, maisha yake yote, bila kutarajiwa kudhurika. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, katika uchunguzi wake wa mwaka 2009, ilibaki na kipimo cha miligramu 7.5. Sehemu kubwa ya rangi hii haiingii katika damu. Huvunjwavunjwa na vijidudu vilivyomo tumboni, ikatoka.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Mtoto wa kilo 20, kwa kipimo cha kamati ile, mwisho wake ni miligramu 200 kwa siku. Tuchukulie kinywaji chenye miligramu 100 katika lita moja. Itabidi mtoto anywe lita 2 nzima ndipo afikie mpaka. Hapo mzazi anaweza kupumua. Lakini gramu 1 tu ya rangi hii ikiwa tupu, ambayo ni ncha ya kijiko, ni miligramu 1,000, yaani kipimo cha siku cha watoto 5 wa uzito huo. Kiwanda chenye mizani hupima. Mtu anayechota kwa kijiko na kukoroga ndoo kwa macho, akiongeza mpaka "ikolee", huyo hapimi.

Wapo watu ambao hata kidogo huwasumbua. Idara ya chakula na dawa ya Marekani inasema kwamba rangi hii huweza kuleta mwasho na vipele kwa watu wasiofikia 1 katika kila 10,000. Ni wachache, lakini wapo. Ama kuhusu pumu, kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kila mwenye pumu aikimbie. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa mwaka 2001 haukuthibitisha kwamba kuiacha kunawasaidia wenye pumu kwa jumla. Wanaofaidika ni wale wachache ambao miili yao imeonekana wazi kuikataa. Basi mwenye pumu asiishi kwa hofu, bali aangalie, na akiona dalili amwambie daktari. Tena amkumbushe na mwuza dawa, kwa kuwa rangi hii imo katika baadhi ya vidonge pia.

Kuna uvumi nao. Miaka ya 1990 vijana wa Marekani walinong'onezana kwamba soda ya manjano humpunguzia mwanamume uwezo wa kuzaa, na maneno hayo yamesafiri mpaka vijiweni kwetu. Kwa kiasi kinachowekwa katika soda, hakuna ushahidi wa jambo hilo. Kijana anayekunywa soda nyingi aogope zaidi sukari yake kuliko rangi yake.

Sasa nije kwa watoto, kwa sababu hapa jambo ni zito zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto 153 wa miaka 3 na 144 wa miaka 8 na 9. Watoto waliwekewa katika maji ya matunda mchanganyiko wa rangi pamoja na dawa ya kuhifadhi chakula iitwayo benzoeti ya sodiamu, na siku nyingine wakapewa maji ya matunda yasiyo na vitu hivyo, bila wao wala wazazi kujua ni yapi. Walipopewa mchanganyiko, kwa wastani waliongeza utundu na kutotulia. Ongezeko lilikuwa dogo, halikuwa sawa kwa kila mtoto, na kwa vile vitu vilichanganywa haikuwezekana kusema mkosaji ni rangi ipi. Wataalamu wa Ulaya waliona ushahidi huo hautoshi kubadili kipimo.

Hata hivyo wanasiasa wa Ulaya hawakusubiri. Tangu Julai 2010 chakula chochote katika Umoja wa Ulaya chenye mojawapo ya rangi 6 zilizojaribiwa, tatrazini ikiwamo, ni lazima kiandikwe onyo kwamba huenda kikaathiri utendaji na usikivu wa watoto. Matokeo yake yanafundisha. Rangi haikupigwa marufuku, lakini wenye viwanda wengi waliona haya kuandika maneno hayo juu ya pipi zao, wakaiacha wenyewe na kutumia rangi nyingine. Huko Marekani, jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2024 ya kuiondoa tatrazini na rangi nyingine 5 katika vyakula vya shule za serikali kuanzia mwisho wa mwaka 2027. Na Aprili 2025 serikali ya Marekani yenyewe ilitangaza kwamba inawataka wenye viwanda waziache rangi za namna hii.

Jibu langu kwa mzazi, basi, ni hili. Pipi moja ya manjano siku ya sikukuu haitamharibu mtoto, wala usimpige mtoto wa jirani kwa kumpa. Lakini mtoto hapungukiwi na kitu akiikosa, na mtoto ambaye hatulii darasani anastahili kupewa wiki chache bila rangi hizo tuone. Jaribio hilo halina gharama.

Swali la dini na miiko. Mimi si sheikh wala mchungaji, lakini naweza kueleza kitu kimetokana na nini, maana hukumu huanzia hapo. Tatrazini yenyewe haina nyama, damu, mafuta ya nguruwe wala kileo. Mwislamu, Msabato, Mhindu asiyekula nyama, wote kwa upande wa asili yake hawana la kuihofia. Lakini mara nyingi rangi haiji peke yake. Rangi ya maji huweza kuyeyushwa katika gliserini, na gliserini hutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Huweza pia kuyeyushwa katika kileo. Pipi laini ya kutafuna huweza kuwa na jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa. Kwa hiyo anayetaka uhakika asiishie kuuliza rangi. Asome pakiti yote.

Tena hapa pana mtego unaowanasa wengi. Watu husikia "rangi ya asili" wakatulia. Ile rangi nyekundu ya asili iandikwayo "Carmine", au E120, hutokana na mdudu mdogo anayeishi juu ya mpungate, hasa nchini Peru. Wadudu hukaushwa na kusagwa. Mwaka 2012 kampuni ya Starbucks huko Marekani iliacha kuitumia baada ya wateja wasiokula vitu vya wanyama kulalamika kwamba hawakujua wananyweshwa wadudu. Na kuna rangi nyingine nyekundu iandikwayo "Carmoisine", E122, ambayo ni ya kiwandani na haina mdudu hata mmoja. Majina yanafanana kama pacha, vitu ni mbalimbali. Asiyesoma namba atamhukumu asiye na kosa na kumwacha mwenye lake.

Sasa nifikie lile swali la nne. Yote niliyoyasema tangu mwanzo yamewezekana kwa sababu moja: tumeijua rangi kwa jina. Tumejua ni tatrazini, ndiyo maana tumeweza kuuliza kipimo chake, asili yake, na nani aiepuke. Je, kama haina jina?

Nenda sokoni ukaone. Mimi nimesimama mbele ya meza yenye vifuko vidogo vya nailoni vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa, vyenye unga wa manjano, mwekundu na wa kijani. Nilimwuliza mwuzaji, "Kaka, hii ni rangi gani?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, hii ni rangi ya chakula." Nikauliza imetoka kiwanda gani. Akasema huletewa katika gunia. Hakuwa mwongo, alikuwa amenieleza yote anayoyajua. Meza ya pili yake palikuwa na vifuko vya rangi ya kupakia ukili wa mikeka, na kwa macho yangu sikuweza kuvitofautisha.

Hatari hii si ya kubuni. Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu huko India lilipiga marufuku pamba za sukari za rangi baada ya wapimaji kukuta ndani yake rodamini B, rangi ya kutilia nguo. Uingereza, nchi yenye wakaguzi na maabara za kutosha, mwaka 2005 iliondoa madukani aina mamia ya vyakula kwa sababu pilipili ya unga iliyotumiwa ilikuwa imetiwa Sudan 1, rangi isiyoruhusiwa kabisa katika chakula. Wale waliokula hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikula kitu kisicho na jina ndani ya kitu chenye jina.

Na mwenye kusema turudi kwenye manjano ya mzizi tuwe salama, asikilize habari ya Bangladesh. Huko baadhi ya wasagaji waliipaka mizizi ya manjano kromati ya risasi ili ing'ae, ile ile aliyoikuta Daktari Hassall katika pipi za London. Mwaka 2019 manjano yenye risasi yalikuwa asilimia 47 ya sampuli zilizopimwa sokoni. Serikali ikaonya wananchi, ikakagua masoko, ikawatoza faini wauzaji mbele ya watu. Mwaka 2021 zilipopimwa tena, haikupatikana hata moja. Nchi hiyo haina utajiri wa kutushinda sana sisi. Ilichofanya ni kupima na kuadhibu.

Kwa hiyo, wasikilizaji, ugomvi wa rangi ya kiwandani na rangi ya asili nauona unatupotezea muda. Tatrazini iliyopimwa na kuandikwa naiogopa kidogo. Unga usio na jina naukataa, hata nikiapiwa kwamba umechimbwa shambani.

Tufanyeje? Mama lishe na mpishi wa shughuli, nunueni rangi yenye pakiti, yenye jina, namba, kiwanda na tarehe, na pakiti hiyo muitunze mpaka chakula kiishe. Mteja akiuliza, mwonyesheni. Tumieni mizani au kijiko kidogo cha kupimia, wala msifuate jicho. Mzazi, soma namba. Nilizozitaja leo zinaandikika nyuma ya karatasi ya daftari. Mwalimu mkuu, mwite anayeuza barafu getini, umwombe akuletee pakiti aliyotumia. Akikosa pakiti, asiuze hapo. Na Shirika letu la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililopewa kazi ya kusimamia usalama wa chakula Tanzania Bara, lisiishie kwenye viwanda vyenye lango na mlinzi. Lishuke mpaka kwenye zile meza za vifuko vya nailoni, kwa kuwa ndiko wanakonunua wengi.

Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, rangi nyingine zilipokuwa bado zinaruhusiwa kujificha chini ya neno moja tu "rangi", tatrazini iliamriwa kutajwa kwa jina lake. Hawakuipiga marufuku. Waliona kwamba wale wachache wanaodhurika nayo wana haki ya kuijua kabla haijafika mdomoni. Haki hiyo nasi ni yetu, na haihitaji maabara wala mfadhili. Inaanza kwa mnunuzi mmoja kusimama mbele ya meza, na shilingi zake bado zimo mkononi, akauliza: hii inaitwaje?